Kusogeza kurasa kwa vitufe vya sauti: namna ya kufanya bila kuipoteza sauti yenyewe

Msomaji ameuliza hivi: “Ninasoma maandishi marefu kwenye simu ya Android kwa saa kadhaa kila siku, na kidole gumba cha mkono wa kulia kimeanza kuuma kwa sababu ya kutelezesha skrini mara kwa mara. Je, ninaweza kuvifanya vitufe vya sauti vilivyo ubavuni visogeze ukurasa juu na chini katika programu zote? Ninaogopa kuharibu simu, na sitaki kupoteza uwezo wa kuongeza na kupunguza sauti. Mke wangu anatumia iPhone. Je, naye anaweza?”

Kwenye Android inawezekana, na wala huhitaji kuifungua simu au kugusa faili za mfumo. Kwenye iPhone vitufe vya sauti havikubali kazi hiyo, ila kuna njia nyingine nitakayoieleza mwishoni. Katika ombi lako kuna jambo moja tu ambalo ningekushauri ulibadilishe: usivifanye vitufe hivyo visogeze ukurasa katika programu zote. Chagua zile programu nne au tano ambazo kweli unasomea, na kwingineko kote uviache viendelee kuwa vitufe vya sauti. Ukifanya hivyo, karibu hofu zako zote zinaisha zenyewe. Kamera nyingi hutumia kitufe cha sauti kupigia picha, vichezaji vya muziki hukitegemea, na video inayoanza kupiga kelele ghafla hunyamazishwa kwa kidole kilichokwisha kukizoea. Mtu anayebadilisha vitufe kwa simu nzima hujikuta siku ya pili anakwenda kuzima kila kitu alichopanga, kisha anaamini kwamba njia yenyewe ni mbovu.

Ili uelewe kwa nini jambo hili linawezekana, na kwa nini wakati mwingine linagoma, inafaa kuifuata safari ya mbonyezo mmoja. Unapobonyeza kitufe cha kupunguza sauti, kiini cha mfumo, ambacho kwenye Android ni Linux, hutoa namba 114. Cha kuongeza sauti hutoa 115, na cha kuwashia simu 116. Android huibadilisha namba hiyo kuwa namba yake yenyewe, 25 kwa kupunguza na 24 kwa kuongeza, kisha huikagua kabla ya kuipitisha kwa mtu mwingine yeyote. Katika ukaguzi huo wa kwanza mfumo hujichukulia mambo yake: kuzima na kuwasha skrini, kupiga picha ya skrini kwa kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, na kunyamazisha mlio wa simu inayoingia. Baada ya hapo mbonyezo hufika kwa huduma za Ufikivu, zile zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye matatizo ya kuona, kusikia au kutumia mikono. Huduma yenye ruhusa ya kupokea vitufe inaweza kuumeza mbonyezo huo na kufanya jambo lingine badala yake. Isipoumeza, mbonyezo huifikia programu iliyo mbele yako. Na programu nayo ikiupuuza, ndipo mfumo unapobadilisha sauti. Kubadilisha sauti, kwa hiyo, ni kituo cha mwisho cha safari, na kuna milango miwili ya kuukamata mbonyezo kabla haujafika huko: ndani ya programu yenyewe, au katika huduma ya Ufikivu.

Anza na mlango wa programu yenyewe, kwa sababu hauna gharama yoyote. Programu nyingi za kusomea vitabu zimekwisha kuliweka jambo hili katika mipangilio yao, ingawa limefichwa mahali ambapo watu hawapiti. Kindle ya Android ina swichi ya kugeuza kurasa kwa vitufe vya sauti, na Google Play Books, Moon+ Reader na KOReader vilevile. Kama sehemu kubwa ya usomaji wako ni vitabu, washa swichi hiyo, na huenda kazi ikaishia hapo bila kusakinisha chochote. Ubora wa njia hii ni kwamba programu yenyewe ndiyo inayojua ukurasa wake unaishia wapi, hivyo kila mbonyezo mmoja ni ukurasa mmoja kamili, bila mstari kukatwa katikati na bila maandishi kuendelea kuteleza. Simu na vifaa vya kusomea vyenye skrini ya wino wa kielektroniki, kama Boox Palma iliyotoka mwaka 2023, vimelipeleka jambo hili mbele zaidi, kwani vina mpangilio wa mfumo unaoruhusu vitufe vya pembeni vigeuze kurasa. Skrini za aina hiyo huchora polepole na huacha vivuli vya maandishi ya awali, kwa hiyo kuruka ukurasa mzima huzifaa kuliko kutelezesha.

Tatizo linabaki kwenye vivinjari, programu za habari, barua pepe na mitandao ya kijamii, ambako mara nyingi swichi kama hiyo haipo. Hapo ndipo unapohitaji programu ya kupangia vitufe upya. Zinazojulikana zaidi ni Key Mapper, ambayo msimbo wake ni huria na kila mtu anaweza kuukagua, na Button Mapper. Mimi hupendekeza Key Mapper, kwanza kwa sababu hiyo ya uhuria, na pili kwa sababu inakuwezesha kuweka masharti juu ya kila kitufe, jambo ambalo ndilo moyo wa ushauri wangu wote.

Ukiisha kuisakinisha na kuipa ruhusa yake, utaunda mpangilio mpya wenye sehemu tatu. Ya kwanza ni kichocheo: unagusa sehemu ya kurekodi, unabonyeza kitufe cha kupunguza sauti, na programu inakitambua. Ya pili ni tendo, yaani kitu kitakachofanyika, na hapa utachagua kutelezesha kidole kwenye skrini. Ya tatu ni sharti: utachagua kwamba mpangilio ufanye kazi pale tu programu fulani inapokuwa mbele, utatengeneza mpangilio mmoja kwa kila programu yako ya kusomea, na kuhakikisha umeiambia kwamba masharti yote lazima yatimie kwa pamoja, ili masharti mengine nitakayoyataja baadaye yaungane na hili badala ya kulifuta. Usiweke programu mbili katika mpangilio mmoja wa namna hiyo, kwani hautafanya kazi kamwe, maana programu mbili hazikai mbele kwa wakati mmoja katika matumizi ya kawaida. Kisha urudie kazi hiyohiyo kwa kitufe cha kuongeza sauti, ukigeuza mwelekeo.

Tendo la kutelezesha ndilo linalowachanganya wengi, basi tukae nalo kidogo. Programu inakuomba namba za mahali kidole cha kubuniwa kitakapoanzia na kitakapoishia, kwa pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda skrini, pamoja na muda wa safari hiyo kwa milisekunde, ambazo elfu moja ni sekunde moja. Pikseli huhesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto: namba ya kwanza huenda kulia, ya pili hushuka chini. Chukua mfano wa skrini yenye upana wa pikseli 1080 na urefu wa 2400. Ili kusoma mbele, kidole kinapaswa kupanda, kwa sababu kinayavuta maandishi kwenda juu. Basi anza kwenye 540 na 1800, na uishie kwenye 540 na 700. Umeyavuta maandishi karibu pikseli 1100, upungufu mdogo ukitokana na ile hatua fupi ya mwanzo ambayo Android huihitaji ili iamini kwamba kidole kinateleza na si kugusa tu. Ili kurudi nyuma, zigeuze namba hizo, uanzie 700 na kuishia 1800.

Muda ndio unaoamua utamu wa usomaji wako. Kidole cha mtu hupunguza mwendo kabla ya kuinuka, na ndiyo maana unaweza kuyasimamisha maandishi mahali unapotaka. Kidole cha kubuniwa hutembea kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kisha huachia ghafla, na Android, ikiona kidole kimeachia kikiwa bado mbioni, huyaacha maandishi yaendelee kuteleza kwa msukumo wake. Ukiweka milisekunde 150 au 200, ukurasa utaruka mbali na utapoteza mstari uliokuwa ukiusoma. Ukiweka 800, msukumo unapungua sana, na ukiweka 1500 mteleko unakuwa mdogo zaidi, ila sasa unasubiri sekunde nzima na nusu kwa kila mbonyezo, na ukibonyeza tena kabla safari haijaisha, safari ya pili huikatiza ya kwanza. Kwa watu wengi ningesema waanze na 700 au 800, kisha wabadilishe umbali badala ya muda. Lengo ni kwamba baada ya kila mbonyezo, mistari miwili au mitatu ya mwisho uliyoisoma iwe imebaki juu ya skrini, ili jicho lipate pa kushika. Usijaribu kuruka ukurasa mzima bila kubakiza kitu. Kwenye makala zenye picha na matangazo utakuwa unapoteza sentensi bila kujua.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika kuchagua mahali pa kuanzia. Usianze karibu sana na ukingo wa chini, kwa sababu kwenye simu zinazoongozwa kwa ishara, mfumo utadhani unataka kurudi kwenye skrini ya mwanzo. Usianze mahali ambapo programu huweka kibodi au kisanduku cha kuandikia, maana kidole cha kubuniwa kitayagusa hayo badala ya maandishi. Na kumbuka kwamba namba hizi ni za simu iliyosimama wima. Ukiilaza, upana unakuwa urefu, na 1800 inaangukia nje ya skrini. Kama huwa unasoma simu ikiwa imelala, tengeneza mpangilio wa pili wenye namba zake, na uuwekee sharti la mwelekeo wa skrini. Jambo jingine dogo linalosumbua: mfumo unapotekeleza kidole cha kubuniwa wakati kidole chako halisi kimeegemea skrini, hivi viwili hugombana na kimoja hukatizwa. Wale wanaoshika simu kwa mkono mmoja, kidole gumba kikiwa kimelala pembeni ya kioo, hudhani programu ni mbovu kumbe ni ngozi inayogusa ukingo.

Ukiwa na kompyuta na kebo, unaweza kuzijaribu namba zako kabla ya kuziweka, kwa kuwasha utatuzi wa USB katika mipangilio ya wasanidi na kuandika, kwenye kompyuta yenye adb (zana ya kuiamrisha simu ya Android kupitia kebo), amri hii: adb shell input swipe 540 1800 540 700 800. Namba ya mwisho ni muda. Badilisha, tazama ukurasa unavyokwenda, badilisha tena, na ukiridhika uzihamishie kwenye mpangilio wako. Si lazima, lakini kwa mtu mwenye subira kidogo njia hii humwokolea kurudi mara kwa mara kwenye skrini ya mipangilio.

Sasa sauti. Kwa kuwa umeweka sharti la programu, sauti inabaki vilevile kila mahali isipokuwa ndani ya zile programu za kusomea. Huko ndani nako una njia mbili za kuibakiza. Ya kwanza ni kuongeza sharti kwamba mpangilio ufanye kazi pale tu hakuna muziki wala video inayocheza. Ukianza kusikiliza kitu, vitufe vinarudi kuwa vya sauti bila wewe kufanya lolote. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inafuata akili ya mtumiaji: anayesikiliza anahitaji sauti, anayesoma kimya anahitaji ukurasa. Ya pili ni kutenganisha mbonyezo mfupi na mrefu, mfupi ukisogeza ukurasa na mrefu ukibadilisha sauti. Inafanya kazi, lakini ina kodi yake: programu haiwezi kujua kama mbonyezo wako ni mfupi mpaka uwe umeachia kitufe, hivyo ukurasa hauanzi kusogea unapobonyeza bali unapoachia. Ucheleweshaji huo ni mdogo sana kwa saa, ila mkono unausikia, na anayebonyeza mara mamia kwa siku atauchukia. Kubonyeza mara mbili kuna kodi kubwa zaidi, kwa kuwa kila mbonyezo wa kwanza hulazimika kusubiri kuona kama wa pili unakuja.

Ongeza pia sharti la kutokuwa kwenye mazungumzo ya simu. Mlio wa simu inayoingia hautakusumbua, kwa sababu, kama nilivyoeleza, Android ya kawaida huunyamazisha kwa kitufe cha sauti kabla mbonyezo haujaifikia huduma ya Ufikivu. Lakini ukiisha kupokea na kurudi kwenye makala huku ukiendelea kuongea, utabonyeza ili umsikie vizuri aliye upande wa pili, na badala yake ukurasa utaruka. Vilevile usichague vitufe vyote viwili kubonyezwa kwa pamoja kuwa kichocheo cha kitu chochote. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, kuvishikilia vyote viwili kwa sekunde chache ni njia ya mkato ya Ufikivu, na kazi hizo mbili zitagongana.

Nimetaja ruhusa ya Ufikivu mara kadhaa kama jambo jepesi. Si jepesi, na naomba usiligonge lile dirisha la onyo bila kulisoma. Huduma ya Ufikivu yenye mamlaka kamili inaweza kuona kilichoandikwa kwenye skrini yako na kufanya vitendo kwa niaba yako, na huo ndio uwezo uleule ambao programu za wizi huutamani. Ni mamlaka halali kwa kazi hii, kwa sababu bila hayo hakuna programu ya kawaida inayoweza kupokea vitufe ukiwa ndani ya programu nyingine wala kutelezesha kidole kwa niaba yako. Lakini mamlaka hayo mpe mtu unayemwamini. Chukua programu kutoka duka rasmi au F-Droid, duka la programu huria, si faili uliyotumiwa na mtu. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, mfumo wenyewe huzuia programu zilizosakinishwa kwa faili la kupakuliwa zisipate ruhusa hii. Kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kwenye ukurasa wa maelezo ya programu husika, kupitia vitone vitatu vya juu, lakini kabla ya kukiondoa jiulize faili hilo limetoka kwa nani. Jihadhari pia na programu ya kupangia vitufe inayoomba anwani za watu wako, mahali ulipo au ujumbe wako mfupi: kazi ya kusogeza ukurasa haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Na usishangae programu yako ya benki ikikataa kufunguka au ikitoa onyo huku huduma hii ikiwa imewashwa. Baadhi yao hufanya hivyo kwa makusudi, na mimi siwalaumu. Zima huduma kwa muda, maliza shughuli yako ya fedha, kisha uiwashe tena.

Malalamiko yanayonifikia zaidi, baada ya mtu kupanga kila kitu sawasawa, ni kwamba vitufe vilifanya kazi siku moja kisha vikaacha. Karibu kila mara sababu ni ubanaji wa betri. Watengenezaji wengi wa simu huongeza juu ya Android mfumo wao wa kuua programu zinazofanya kazi chinichini, na huduma yako ikiuawa, mbonyezo unaendelea na safari yake hadi kwenye sauti kana kwamba hukupanga kitu. Fungua ukurasa wa betri wa programu hiyo na uondoe vizuizi vyote vya matumizi ya chinichini. Kama simu ina ruhusa ya kujianzisha yenyewe, iwashe. Na kwenye orodha ya programu za hivi karibuni, simu nyingi hukuruhusu kuifunga kwa kufuli ili isifagiliwe pamoja na nyingine. Baada ya kila sasisho la mfumo, tazama tena kama swichi ya Ufikivu bado imewashwa.

Unaweza kukutana na maelekezo ya kuruti simu, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wake, na kuhariri faili la ramani ya vitufe lililo katika /system/usr/keylayout, ambamo mstari unaosema key 114 VOLUME_DOWN hubadilishwa kuwa key 114 PAGE_DOWN. Ni kweli kwamba njia hiyo hufanya kazi katika ngazi ya chini kabisa, na miaka ya mwanzo ya Android ilikuwa ya kawaida. Leo siipendekezi kwa mahitaji yako. Kufungua kipakiaji cha mfumo (bootloader), hatua ambayo kuruti huihitaji kwa kawaida, hufuta kila kitu kilichomo simuni, sehemu ya mfumo kwenye simu mpya imefungwa isiandikwe, programu nyingi za benki hukataa simu zilizorutiwa, na juu ya yote, kitufe kinakuwa cha ukurasa kila mahali, jambo lile ambalo tangu mwanzo nimekuomba uliepuke.

Umesema unaogopa kuharibu simu. Kwa upande wa programu, hofu hiyo ondoa kabisa. Mpangilio huu unaishi ndani ya programu moja, na haugusi chochote kinachotumika simu inapowaka: vitufe vya kuingilia kwenye hali ya urejeshaji (recovery), inayotumika kurekebisha simu iliyogoma, vinasomwa kabla Android haijaanza, wakati huduma yako haipo bado. Ikitokea umepanga jambo linalokuzuia kutumia simu, iwashe katika hali salama, ambayo kwenye simu nyingi hupatikana kwa kushikilia kwa muda kitufe cha kuzima kinachoonekana kwenye skrini. Katika hali hiyo programu ulizosakinisha hazifanyi kazi, vitufe vinarudi kuwa vya sauti, nawe unaweza kuiondoa programu kwa utulivu.

Kwa upande wa kitufe chenyewe, hapo nina neno la tahadhari. Kitufe cha sauti ni swichi ndogo ya kimekanika, iliyowekwa kwa mtu anayeibonyeza mara chache kwa siku. Wewe unasoma saa kadhaa. Utaibonyeza mara nyingi zaidi. Kukibadilisha kitufe kilicholegea ni kazi ya fundi, na simu nyingi zinalazimika kufunguliwa ili akifikie. Kwa hiyo kwa mtu wa kiwango chako cha usomaji ninapendekeza pia kidhibiti kidogo cha Bluetooth, kama kile kinachouzwa kwa ajili ya kujipiga picha kwa mbali. Vingi vya aina hiyo hutuma ishara ileile ya kuongeza sauti, hivyo ukikirekodi kama kichocheo kwenye Key Mapper, kinasogeza ukurasa wakati simu imesimamishwa mezani na mkono wako umepumzika pajani. Kibodi ya Bluetooth nayo inafaa bila kupanga lolote, kwa sababu kwenye kivinjari kitufe cha nafasi hushuka ukurasa, na vitufe vya Page Up na Page Down hufahamika na programu nyingi. Vipo pia vidhibiti vya kuvaa kidoleni vinavyotuma mtelezo wenyewe kana kwamba ni kidole, vilivyotengenezwa kwa ajili ya video fupi. Hivyo havihitaji programu ya kupangia, ila huwezi kuuchagua urefu wa mtelezo.

Kuhusu maumivu, mimi si tabibu, na maumivu yasiyopungua ukipumzika yanahitaji kuonwa na mtu wa afya. Ninachoweza kusema kwa ujuzi wangu ni kwamba usihamishe mzigo wote kutoka kidole kimoja kwenda kingine. Kubonyeza kitufe kigumu kwa kidole gumba kilekile kinachouma hakutakusaidia sana; shika simu ili kitufe kiangukie chini ya kidole cha shahada au cha kati, na badilisha mikono.

Mke wako, kwenye iPhone, hawezi kuvipa vitufe vya sauti kazi ya kusogeza ukurasa wa programu nyingine, kwa kuwa Apple haikuufungua mlango huo kwa watengenezaji wa programu kama ulivyo kwenye Android. Kitufe cha Kitendo kilichokuja na iPhone 15 Pro mwaka 2023 kinaweza kupewa kazi nyingi, lakini kusogeza ukurasa si moja ya kazi hizo katika orodha yake. Njia iliyo bora kwake ni Back Tap, iliyoingia na iOS 14 mwaka 2020 na inayofanya kazi kuanzia iPhone 8: simu huhisi mgongo wake ukigongwa mara mbili au mara tatu. Aingie kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, kisha Touch, na mwishoni mwa ukurasa ataikuta Back Tap. Kwa kugonga mara mbili achague kazi ya Scroll Down (kushuka), na kwa mara tatu Scroll Up (kupanda). Kifuniko kinene hupunguza usikivu wa mgongo, na baada ya kugonga kuna kusubiri kidogo, maana simu lazima ijue kama kugonga kwa tatu kunakuja. Asipotumia kugonga mara tatu, aache nafasi hiyo tupu. Akitaka mikono ipumzike kabisa, Voice Control, iliyopo tangu iOS 13, hufuata amri ya kusemwa ya kushuka ukurasa, ingawa kwa sasa ataisema kwa Kiingereza.